Virutubisho vya Mimea vya Kujenga Misuli: Maswali Ninayoulizwa Sana Moshi na Arusha

Nafundisha mazoezi ya kunyanyua vyuma mjini Moshi, na mara mbili kwa mwezi napanda gari kwenda kufundisha Arusha. Nyama sijaila tangu utotoni. Nimelelewa na Wasabato wa Upareni, ambako imani hiyo iliingia mwaka 1903, na nyumbani kwetu sufuria ya makande haikukosekana jikoni. Watu wakiona mwili wangu huuliza ninatumia poda gani. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara, na majibu ninayoyatoa nikiwa nimekaa na mtu kwenye benchi baada ya mazoezi.

Je, kweli misuli inakua bila nyama, mayai wala maziwa?

Inakua. Mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichapisha kazi yao na vijana 38 waliofanyishwa mazoezi ya miguu kwa wiki 12. Kumi na tisa walikuwa hawali chochote kitokacho kwa mnyama, kumi na tisa wanakula kila kitu. Wote walifikishwa gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kundi la kwanza likajaziwa kwa poda ya soya, la pili kwa poda ya maziwa. Mwishoni misuli na nguvu za miguu ziliongezeka kwa kiwango kilekile. Kabla ya hapo, mwaka 2015, ulitoka utafiti wa wanaume 161 uliolinganisha protini ya njegere na protini ya maziwa, gramu 25 mara mbili kwa siku, na misuli ya mkono ikanenepa karibu sawa.

Zingatia jambo moja katika hadithi zote mbili: walikuwa wananyanyua vyuma, na protini yao ilikuwa imepimwa. Poda peke yake, mtu akiwa amekaa, haijengi kitu.

Nahitaji protini kiasi gani kwa siku?

Mtu asiyefanya mazoezi mazito anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Anayetaka misuli alenge 1.6. Ukifika 2 hutaharibu kitu ukiwa mzima wa afya, ila faida ya ziada inakuwa ndogo. Kwa hiyo mwenye kilo 65 anatafuta gramu 104, mwenye kilo 80 anatafuta 128.

Protini ya mimea humeng'enywa kwa kiwango cha chini kidogo kuliko ya maziwa au mayai, ndiyo maana wanafunzi wangu wasiokula nyama nawakataza kushuka chini ya 1.6. Halafu usiziweke zote kwenye chakula cha usiku. Zigawe kwenye milo mitatu au minne, kila mmoja uwe na gramu 25 hadi 30. Ndani ya protini kuna kijenzi kinachoitwa lusini ambacho ndicho kinachouamsha msuli uanze kujijenga, na mlo mdogo wa mimea mara nyingi haukifikishi kiwango chake cha gramu mbili na nusu hivi.

Nitajuaje chakula changu cha kawaida kina kiasi gani?

Pima. Siku moja tu, kwa mzani wa jikoni, au muombe Mangi wa dukani kwako akupimie kwenye wake.

Kijana mmoja fundi seremala wa Pasua, hapa Moshi, alinijia na kopo la poda mkononi, anataka kujua kama aongeze kijiko cha tatu. Nikachukua kipande cha boksi, tukaandika alichokula jana yake. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana chipsi kavu. Usiku wali na mchuzi wa maharage, maharage yenyewe ya kuhesabika. Tulipojumlisha, chakula chote hakikufika gramu 35 za protini. Alikuwa ananunua kopo kila mwezi kuziba shimo ambalo kwao nyumbani lingezibwa na maharage.

Tukaandika upya. Asubuhi uji wa ulezi wenye gramu 30 za unga wa soya iliyokaangwa: gramu 15. Saa nne karanga za kujaa kiganja, gramu 30 kwa mzani: 8. Mchana ugali wa dona na maharage kikombe kimoja na nusu: 34. Jioni, kabla ya kuja kwenye tizi, mbegu za maboga gramu 30: 9. Usiku bakuli kubwa la makande: 28. Mchicha na chapati moja: 6. Jumla 100. Zilibaki gramu nne tu kufikia lengo lake la 104, na hizo unazipata kwa kuongeza maharage sahani ya mchana.

Vipimo vya kukumbuka, kwa kila gramu 100 za kitu kikavu: soya gramu 36, mbegu za maboga 30, karanga 26, choroko na kunde 24, maharage na mbaazi 22, dengu 20, ulezi 7, mahindi 8 au 9. Maharage yaliyoiva, kikombe kimoja kilichojaa, yana gramu 15. Ndizi ni karibu gramu moja tu, kwa hiyo anayekula kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, ahakikishe mwiko unaleta maharage ya kutosha, maana ndizi zinampa nguvu lakini hazimpi protini.

Nasikia protini ya mimea "haijakamilika". Ni kweli?

Ina ukweli nusu. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kingine cha protini. Maharage yanayo laisini nyingi, ila yana methionini kidogo, ambayo mahindi yanayo. Ukivipika pamoja kimoja kinamkopesha mwenzake. Bibi zetu wa Upareni na Uchagani hawakujua majina hayo, lakini kande waliipika. Wala si lazima viwe kwenye sufuria moja. Ugali mchana na choroko usiku mwili unavikutanisha. Tatizo ni kwa anayekula nafaka tupu kutwa nzima.

Poda ipi ya mimea ni nzuri: soya, njegere au mchele?

Soya ndiyo iliyo karibu zaidi na maziwa kwa ubora, na ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Njegere ni nzuri pia na haimsumbui mtu ambaye mwili wake unaikataa soya. Ina methionini kidogo, ndiyo maana makopo mengi huichanganya na mchele. Mchele peke yake unafanya kazi, ila kwa kipimo kikubwa: utafiti wa mwaka 2013 ulioonyesha uko sawa na maziwa ulitumia gramu 48 kwa wakati mmoja, nani ataendelea kununua hivyo?

Soma nyuma ya kopo, si mbele. Kijiko cha gramu 30 kikitoa gramu 20 hadi 24 za protini, hiyo ni poda. Kikitoa gramu 8 na sukari 15, hicho ni kinywaji kitamu. Mimea hufyonza madini mazito kama risasi na kadimiamu kutoka ardhini, na poda ni mimea iliyokusanywa na kukazwa, kwa hiyo chagua kampuni inayoonyesha majibu ya vipimo vya maabara vya kila shehena. Isiyoonyesha, mimi siinunui.

Gharama yake inalipa?

Fanya hesabu hii mwenyewe. Kopo la kilo moja lenye vijiko 33 vya gramu 22 za protini lina gramu 726. Kilo moja ya maharage makavu ina kama 220. Ukizingatia kwamba ya maharage humeng'enywa kidogo chini, kopo moja ni sawa na kilo nne za maharage. Nenda soko la Mbuyuni hapa Moshi au la Kilombero Arusha, uliza bei ya kilo moja ya maharage ya Jesca au Lyamungu, zidisha kwa nne, weka kando ya bei ya kopo. Jibu utaliona, na kilo nne hizo zina wanga na madini ya chuma ndani yake.

Sisemi poda ni upuuzi. Dereva anayekula barabarani, muuguzi wa zamu ya usiku, mtu mwenye kilo 90 ambaye tumbo lake halibebi maharage ya kutosha kufika gramu 144: hao poda inawafaa sana. Mimi mwenyewe nina kopo, nalitumia siku za safari ya Arusha.

Soya inamletea mwanaume matiti au kumpunguzia nguvu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, tena na wanaume wazima. Jibu: hapana. Soya ina isoflavoni, ambazo kwa umbo zinafanana kidogo na homoni ya kike, na hapo ndipo hofu ilipoanzia. Lakini majaribio mengi yaliyofanywa kwa wanaume yamekusanywa na kuchambuliwa kwa pamoja, mwaka 2010 na tena 2021, na homoni ya kiume haikushuka kwa walaji wa soya wala wa poda zake. Kula kwa amani.

Anayetumia dawa za tezi ya shingo asizimeze pamoja na soya, aziachanishe kwa saa kadhaa, kwa kuwa soya hupunguza jinsi dawa inavyofyonzwa.

Naweza kusaga soya yangu mwenyewe?

Unaweza, na ndicho kirutubisho ninachokipenda kuliko vyote. Lakini soya mbichi haifai kuliwa. Ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini, kwa hiyo unakula protini nyingi huku umeufungia mwili mlango wa kuimeng'enya. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilipeleka soya mashineni bila kuikaanga kwa kuwa nilikuwa na haraka, nikapika uji, na siku mbili nilishinda chooni. Sikutaka kusikia jina la soya mwaka mzima.

Ifanye hivi. Chambua, osha, loweka usiku kucha, mwaga maji. Chemsha dakika 20 hadi 30 kwa moto unaotokota. Isugue kwa mikono ndani ya maji ganda litoke, anika juani ikauke kabisa. Kisha kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha. Mwanzoni utasikia harufu ya majani mabichi, endelea. Baadaye itabadilika iwe kama ya karanga. Chukua punje moja, ipoe, ing'ate: inatakiwa ivunjike kwa sauti, na ndani iwe na rangi ya dhahabu mpaka katikati. Ikiwa kiini bado kina unyevu au ladha chungu ya kijani, rudisha motoni. Ndipo upeleke mashineni, na umuombe fundi asafishe kwanza mabaki ya mahindi ya watu.

Ile soya wanayouza kama kahawa ni soya pia, imekaangwa sana mpaka ikawa nyeusi. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto ni kinywaji kizuri cha asubuhi ya baridi, usikihesabu kama protini.

Na tafadhali, usisage maharage mabichi ukayakoroga kwenye maji kama poda. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu si chini ya dakika 10. Nimemwona mtu akitapika ukumbini kwa ajili hiyo.

Unga wa lishe wenye kila kitu ndani, je?

Nia ni njema, ila una matatizo mawili. Mchanganyiko wa vitu kumi unakuwa na kidogo cha kila kimoja, na huwezi kujua protini ni kiasi gani. La pili ni zito zaidi: karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa mwezi mzima, mafuta yake yanachacha, na kama zilikuwa na ukungu, sumukuvu imeenea mfuko mzima.

Sumukuvu huharibu ini, huionji wala kuinusa, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyokuwa nayo. Kinga iko kwenye vidole vyako: mwaga karanga kwenye ungo, kaa mwangani, toa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyoota. Usizile hizo ulizozitoa, wala kuku usiwape. Saga kidogo, ya wiki mbili, uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Mimi nachanganya ulezi na soya basi, na karanga nazisaga peke yake naongeza kwenye uji ukishaiva.

Mlonge na spirulina vinasifiwa sana. Vinasaidia misuli?

Unga wa majani ya mlonge una gramu 25 au zaidi za protini kwa kila gramu 100. Wauzaji husema hivyo na hawadanganyi. Lakini kijiko kimoja cha chakula kina uzito wa gramu sita saba, yaani protini isiyofika gramu 2. Nani atakula vijiko kumi na tano? Tumia mlonge kama mboga yenye madini na vitamini.

Spirulina, unga wa viumbe vidogo vya majini vya kijani, ni hivyohivyo: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kipimo chake ni kijiko cha chai. Huko ziwa Natron na maziwa ya Momella heroe wanajilisha viumbe vya jamii hiyohiyo, na kuna vijana wameniuliza kama tunaweza kuchota na kukausha. Msifanye hivyo. Maji yale ni makali, na kwenye ziwa la wazi spirulina huota pamoja na jamaa zake wengine wenye sumu. Inayoliwa na binadamu huoteshwa kwenye mabwawa maalumu na kupimwa.

Kreatini ni ya mimea?

Kreatini ni kitu kinachoupa msuli nguvu ya haraka, na inayouzwa haitoki kwenye mmea wala kwenye mnyama. Ile ya kopo hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, kwa hiyo asiyekula nyama anaweza kuitumia bila wasiwasi wa dhamiri. Katika chakula inapatikana kwenye nyama na samaki, mimea haina. Ndiyo maana sisi tusiokula nyama akiba yetu kwenye misuli ni ndogo, na tukiitumia tunaona tofauti mapema.

Kati ya vyote vinavyouzwa, hiki ndicho chenye ushahidi mkubwa kuliko vingine baada ya protini. Chukua kreatini monohaidreti ya kawaida, gramu 3 hadi 5 kila siku, saa yoyote. Uzito utapanda kilo moja au mbili mwanzoni, ni maji yanayoingia ndani ya msuli. Ukienda kupimwa figo mwambie daktari unaitumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kwenye damu kinaweza kupanda kidogo na akadhani figo zinaumwa. Nunua ya unga badala ya vidonge vya ganda: maganda mengi ni jelatini ya ng'ombe au nguruwe, jambo linalowahusu Wasabato na Waislamu pia.

Uwatu, mbigili na ashwagandha vinaongeza homoni ya kiume?

Mbigili ule unaotoboa matairi ya baiskeli njiani ndio huohuo unaouzwa kwenye vidonge vya bei mbaya. Umepimwa kwa wanaume wazima wenye afya na haukupandisha homoni wala kuongeza misuli. Uuache barabarani.

Uwatu majibu yake yanapingana. Upikie upendavyo, lakini unashusha sukari ya damu, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa awe mwangalifu na vidonge vyake. Ashwagandha, mmea wa dawa wa India, ina majaribio madogo yanayoonyesha nguvu kuongezeka kiasi, ila pia kuna watu ini lao liliumia baada ya kuitumia, na mjamzito haimfai kabisa. Mimi simpi mwanafunzi wangu.

Kuna vidonge vya "mitishamba" vinanenepesha kwa wiki mbili. Vikoje?

Hapa sina maneno laini. Mmea unaonenepesha mtu kwa wiki mbili haupo. Dawa zinazojulikana kutumiwa vibaya kwa kazi hiyo ni deksamethasoni na siproheptadini. Ya kwanza inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inakula misuli badala ya kuijenga, na ukiikatisha ghafla baada ya kuizoea unaweza kuanguka ukafa. Dada mmoja aliyekuja kwangu uso ukiwa duara alinionyesha mfuko mdogo wa nailoni usio na jina, vidonge vya kijani ndani yake, alivyouziwa mlango kwa mlango. Sikumwambia aache palepale. Nilimpeleka hospitali navyo, wakampunguzia taratibu.

Chakula na virutubisho vinasimamiwa na TBS tangu mwaka 2019, dawa zinasimamiwa na TMDA. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi usiliguse. Kinachodai kutibu kisukari, kunenepesha na kuongeza nguvu za kiume vyote kwa pamoja, hivyohivyo.

Ninywe poda kabla au baada ya mazoezi?

Saa yoyote inayokufaa. Jumla ya siku ndiyo muhimu. Mwenye saumu ya Ramadhani aweke mlo mmoja mzito wa protini kwenye futari, mwingine kwenye daku.

Maharage yananijaza gesi. Niweke magadi?

Gesi inatoka kwenye aina ya sukari ambayo tumbo haliimeng'enyi, na nyingi yake inaondoka na maji ya kulowekea. Loweka saa 12, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza kila wiki, tumbo linazoea. Choroko na mbaazi zilizokobolewa ni nyepesi zaidi.

Magadi yanalainisha haraka, najua kuni na gesi ni ghali. Lakini yanaharibu vitamini B1, na huku kwetu kaskazini yana shida nyingine: magadi yanayochimbwa kwenye maziwa na mbuga zetu yana floraidi nyingi. Watafiti wa meno waliofanya kazi Kilimanjaro waliyahusisha na meno ya kahawia ya watoto, hata vijiji ambavyo maji yake ni safi. Arusha, chini ya Mlima Meru, maji yenyewe tayari yana floraidi. Sasa mtu wa misuli anayekula maharage mara mbili kwa siku na kila sufuria ina magadi, anakunywa floraidi kiasi gani? Nunua sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa nusu saa, na mkaa utakaookoa utalipia sufuria.

Chai nayo isubiri. Ukiinywa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya maharage na mchicha. Kachumbari yenye nyanya na ndimu inayasaidia yaingie.

Protini nyingi haiharibu figo?

Figo nzima haziharibiwi na gramu 1.6. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari cha muda mrefu au presha isiyodhibitiwa apime kwanza, na kiwango chake apangiwe na daktari. Wengi hawajui hali yao mpaka wapime.

Mimi ni mpagazi, nabeba kilo 20 mlimani. Napanda na misuli nashuka nimekonda. Nifanye nini?

Mkuu, hukondi kwa kukosa poda, unakondeshwa na njaa. Siku sita au saba za njia ya Machame kwenye Kilimanjaro unachoma nguvu nyingi, na kadiri unavyokaribia Kibo hamu ya kula inapotea. Mwili ukikosa nguvu unachukua msuli kama kuni. Kwa hiyo beba vitu vidogo vyenye mafuta na protini: karanga na mbegu za maboga zilizokaangwa, na mfuko wa soya yako uliyosaga kwa ajili ya kuongeza kwenye uji wa kambini. Kula kabla hujasikia njaa, kila mnapopumzika. Ukishuka, siku tatu za mwanzo usikimbilie vyuma. Lala, kula makande mara mbili kwa siku, ndipo urudi mazoezini. Hapo poda inafaa pia, maana tumbo lililochoka hupokea kinywaji kuliko sahani.

Mimi mwanamke. Nitapata mwili wa kiume?

Hutapata. Homoni zako hazikuruhusu. Utapata mgongo usiouma na ndoo ya maji utakayoinyanyua bila kuguna.

Kuna kirutubisho ambacho asiyekula kitu cha mnyama hawezi kukikwepa?

Vitamini B12. Haipo kwenye mimea, na ile ya spirulina mwili hauwezi kuitumia. Ukiikosa miaka kadhaa, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaanza kufa ganzi kuanzia vidoleni. Vidonge vyake vinapatikana maduka ya dawa, havina bei kubwa. Kama unakunywa maziwa au kula mayai mara kwa mara, huenda unatosheka. Mimi nameza.

Nashiriki mashindano. Poda inaweza kunifanya nifungiwe?

Inaweza, ikiwa imechafuliwa na dawa za kusisimua misuli, na sheria ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, inamhesabu mwanariadha kuwa anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Tumia zenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport na utunze kopo lenye namba ya toleo. Usipozipata, baki na soya yako.

Mama yangu yuko Marangu, ana miaka 72, miguu imelegea. Naweza kumpelekea poda?

Mfikishie shikamoo yangu. Kwanza apimwe figo, sukari na presha. Akiwa salama, mtu wa umri wake anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, maana msuli wa mzee ni mgumu kuamka. Akiwa na kilo 55, ni gramu 55 hadi 66. Wazee wengi wanaishi kwa chai na ndizi, na meno hayaruhusu kande ngumu. Poda ya njegere au soya kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi inamfaa kuliko inavyomfaa kijana. Karanga zilizosagwa ziwe laini, choroko za kupondwa, supu ya mbaazi, parachichi la hapohapo shambani.

Halafu mletee kiti imara chenye mgongo, ukiegemeze ukutani. Asimame na kukaa, taratibu, mara tano, akishika meza. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, kila siku. Baada ya wiki mbili au tatu aache kushika meza, lakini wewe au mjukuu asimame karibu yake.